Kidonge Kisichovunjwa: Kutoka Kwinini ya Vita hadi Picha za Sumaku



Habari za Nyanda za Juu Kusini kwa kawaida huelezwa kwa vita, kwa machifu na kwa misheni. Mkwawa amekwisha andikwa, reli imekwisha andikwa, hata baridi ya Mufindi na mvua ya Tukuyu zimekwisha pata washairi wake. Mimi nimeomba nafasi niandike historia ya kitu kidogo ambacho hakijapata mwandishi, nacho ni kidonge. Hasa nataka kueleza kile kidonge kinachotoa dawa polepole, ambacho wenzangu wengi wa miaka ile wanacho mfukoni kwa ajili ya presha au kisukari, na jinsi wataalamu walivyopata kuona ndani yake kwa mashine ya sumaku, ile inayoitwa MRI, ambayo hospitalini hupiga picha za ubongo na uti wa mgongo. Vijana msidhani hii ni habari ya wazee peke yao. Ndani yake mna fizikia ya kidato cha tano, mna kemia, na mna vita moja kuu.

Tuanze na gome la mti. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitenga kwinini kutoka katika gome la mkwinini, mti uliotoka milima ya Amerika ya Kusini. Kabla ya hapo mgonjwa wa homa alikunywa gome lililosagwa, na hakuna aliyejua amekunywa dawa kiasi gani, kwa kuwa gome moja lilikuwa na nguvu na jingine halina. Baada ya 1820 dawa iliweza kupimwa kwa mizani. Likabaki tatizo la kuibeba na kuigawa. Unga hushika unyevu na humwagika, nao uchungu wa kwinini kila mtu anaujua.

Jawabu lilitoka mahali pasipotazamiwa. Mwingereza mmoja, William Brockedon, aliyekuwa mchoraji, alitaka risasi nzuri ya penseli. Akabuni njia ya kuubana unga wa risasi hiyo kwa nguvu ndani ya tundu la chuma hata ukashikamana bila gundi. Katika hati ya uvumbuzi wake ya mwaka 1843 alitaja pia kwamba njia hiyo hiyo yafaa kwa vidonge vya dawa. Kwa hiyo kalamu ya risasi unayoandikia mtihani na kidonge unachomeza vilitoka katika kinu kimoja. Miaka arobaini baadaye kampuni ya Burroughs Wellcome ya London ikavifanya vidonge vya kubana kuwa biashara kubwa, na mwaka 1884 ikasajili jina lake la Tabloid. Makasha ya dawa ya kampuni hiyo yalisafiri na Stanley na wengine waliopita Afrika.

Wageni waliotangulia kufika pande zetu walijua thamani ya dawa hiyo kwa sababu waliikosa. Januari 1867, kusini ya mpaka wetu katika nchi ambayo leo ni Zambia, Livingstone aliibiwa kasha lake la dawa na wapagazi waliotoroka. Aliandika katika kumbukumbu zake kwamba alijiona kama mtu aliyekwisha hukumiwa kifo. Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin walipowasili Unyakyusa, mmoja wa Wamoravian, Georg Martin, alifariki kwa homa mwaka huo huo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku kwetu, kidonge kikawa jambo la kijeshi. Mei 1916 Jenerali Northey alivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, akaitwaa Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo. Julai yalitokea mapigano Malangali, mahali ambapo mwaka 1928 ilifunguliwa shule ambayo wasomaji wa jarida hili hawahitaji kuelezwa. Tarehe 29 Agosti majeshi ya Northey yakaingia Iringa. Wajerumani walikuwa wamefungiwa bahari na manowari za Waingereza, na dawa kutoka kwao zilifika kwa shida kubwa. Lakini walikuwa na kituo cha utafiti huko Amani, Usambara, kilichoanzishwa mwaka 1902, na mikwinini walikuwa nayo. Gome lilitengenezwa kwinini pale Amani. Gome jingine lilipelekwa Mpwapwa, na huko vikabanwa vidonge. Kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, ameyaeleza hayo katika kitabu cha kumbukumbu zake. Jeshi lake lilipoiacha Reli ya Kati na kurudi kusini, kazi ya Mpwapwa ikakoma. Ikabidi gome lichemshwe tu na watu wanywe mchuzi wake, mchungu kupita kiasi, nao wakaubandika jina la Lettow-Schnapps, yaani pombe kali ya Lettow.

Hebu fikiri tofauti ya vitu hivyo viwili. Kidonge cha Mpwapwa kilikuwa na kipimo. Daktari aliweza kusema meza vitatu, na vitatu vya leo vikawa sawa na vitatu vya jana. Mchuzi wa gome ulirudisha watu nyuma karibu miaka mia, kabla ya Pelletier na Caventou. Nisiwadanganye kwamba dawa hiyo ilimfikia kila mtu. Wapagazi waliobebeshwa mizigo na majeshi ya pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa homa, kuhara damu na njaa. Vita hivyo vilipita Njombe mara ya mwisho Oktoba 1918, mwezi mmoja kabla ya Lettow kuweka silaha chini huko Abercorn.

Miaka iliyofuata naipitia haraka. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Java, kisiwa kilichokuwa kikiilisha dunia karibu kwinini yote, na mikwinini ya Kivu katika Kongo ikapata thamani mpya. Ndiyo asili ya kazi ya kwinini ya Bukavu. Baada ya vita hiyo ikaja klorokwini. Sisi tuliosoma bweni hatuhitaji kuelezwa: mstari wa jioni mbele ya zahanati, kikombe kimoja cha bati, vidonge vyeupe mkononi, na usiku mzima watu wanajikuna kama wamelalia upupu. Klorokwini ilitumika hadi mwaka 2001, serikali ilipoiacha kwa kuwa vijidudu vya malaria vilikuwa vimeizoea. Ikafuata SP, na mwishoni mwa 2006 dawa ya mseto.

Sasa naingia katika kiini cha habari. Kwinini, klorokwini na SP zilikuwa vidonge vya kuvunjika upesi. Kazi yake ni kufika tumboni, kusambaratika na kumaliza. Mtengenezaji wa vidonge vya namna hiyo ana hofu moja, nayo ni kubana mno. Kidonge kilichobanwa mno au kuchanganywa vibaya huwa kama changarawe. Ukikisaga na kukipima maabara, dawa yote imo. Mgonjwa akikimeza, kinapita na dawa yake na kutoka nayo. Jambo hili halikutiliwa maanani sana zamani. Ilikuwa mwaka 1970 tu ndipo kitabu rasmi cha vipimo vya dawa cha Marekani kilipoweka sharti la kupima uyeyukaji: kidonge hutiwa katika maji ya joto la mwili, aghalabu mililita 900, maji yakorogwe kwa mwendo maalumu, kisha ipimwe dawa iliyotoka baada ya dakika kadhaa.

Nchini kwetu jambo hili si la kinadharia. Mwaka 2005 watafiti walizunguka maduka ya dawa Tanzania nzima wakinunua dawa za malaria kama wanunuzi wengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Katika sampuli 304 zilizopimwa maabara, asilimia 12.2 hazikufikia kiwango, na kwa upande wa kwinini ilikuwa karibu robo. Hawakukuta dawa za bandia zisizo na kitu ndani. Dawa ilikuwamo, lakini kipimo hakikuwa sawa, au kidonge hakikuitoa inavyopasa. Mzazi wa Chunya au Ludewa aliyemnunulia mtoto dawa hiyo hakuwa na namna ya kujua. Alikuwa amelipa, alikuwa amempa mtoto, na homa ikabaki pale pale.

Wakati mafundi wengine wakihangaika kufanya vidonge viyeyuke upesi, wengine walianza kutafuta kinyume chake. Dawa inayotoka yote kwa mara moja ni kama mvua ya gharika mlimani: maji mengi yanateremka na udongo, na kesho shamba ni kavu. Manyunyu ya siku nzima hulowesha vizuri zaidi. Damu ya mgonjwa nayo iko hivyo. Akimeza kidonge cha kawaida, dawa hupanda mno baada ya saa moja au mbili, kisha hushuka chini ya kiwango kinachofaa, na inabidi ameze tena mara tatu au nne kwa siku. Nani anakumbuka mara nne kwa siku wakati wa kupalilia?

Dawa ya polepole kwa njia ya sindano imezoeleka vijijini: Penadur, ile sindano nzito ya penisilini, hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, na akina mama wanaifahamu sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Kuitia polepole hiyo ndani ya kidonge kulichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1952 kampuni ya Smith, Kline & French ya Marekani ilitoa kapsuli zilizojaa punje ndogondogo zilizopakwa nta, nyingine tabaka jembamba, nyingine nene, ili zipasuke kwa zamu. Baadaye ikapatikana njia iliyo rahisi zaidi, nayo ndiyo iliyoenea duniani. Dawa huchanganywa na unga wa haipromelosi, ambao hutengenezwa kutokana na nyuzi za miti au pamba, kisha vikabanwa pamoja.

Atakayetaka kuelewa haipromelosi aende jikoni. Kila aliyewahi kupika uji anajua kwamba ukitupa unga mkavu kwenye maji ya moto bila kukoroga, hufanya madonge. Nje ya donge unga unaiva na kuwa utelezi. Utelezi huo unazuia maji kuingia, na ukilipasua donge unakuta katikati unga mkavu kabisa. Kwa mpishi hiyo ni aibu. Kwa mfamasia ni ufundi. Kidonge cha haipromelosi kikifika tumboni hujifunga koti la ute, na dawa hupenya koti hilo kidogo kidogo kwa saa nane, kumi na mbili au hata ishirini na nne. Koti nalo huliwa kutoka nje huku likijengeka kwa ndani, mpaka kiini kikavu kiishe.

Nimeandika kwa uhakika, kana kwamba nimechungulia. Kwa miaka mingi wataalamu wenyewe hawakuwa wamechungulia. Walikuwa na chombo chao cha maji mililita 900 na walipima kilichotoka. Kilichokuwa kikitendeka ndani walikikisia. Ukikikata kidonge kilicholowa kwa wembe, ute unaburuzika na mpaka kati ya ute na kiini unapotea. Ukikikausha kwanza, si kile tena. Palihitajika namna ya kuona ndani ya kitu kilicholowa bila kukigusa, nayo ikatoka katika fizikia.

Mwaka 1946 makundi mawili ya Wamarekani, moja la Purcell na jingine la Bloch, yaligundua kila moja kwa njia yake kwamba viini vya atomu za haidrojeni vikiwekwa katika uga wa sumaku vinaitikia mawimbi ya redio ya masafa maalumu. Kila kiini, yaani protoni, ni kama pia ya watoto inayozunguka huku ikiyumba. Uga ukiwa na nguvu ya tesla moja, huyumba mara milioni 42.6 kwa sekunde. Kwenye mashine ya hospitali ya tesla 1.5 ni kama milioni 64, chini kidogo tu ya masafa ya stesheni za FM. Maji yamejaa haidrojeni, kwa hiyo maji hujibu kwa sauti kubwa. Lakini jawabu hilo lilikuja kwa pamoja kutoka katika chupa nzima, bila kuonyesha lipi limetoka wapi.

Paul Lauterbur alitatua hilo. Mwaka 1973 alionyesha kwamba uga wa sumaku ukifanywa kuwa na nguvu zaidi upande mmoja kuliko wa pili, protoni za kila mahali huyumba kwa masafa yake, na masafa hayo yanaweza kugeuzwa kuwa ramani. Picha yake ya kwanza ilikuwa ya vijineli viwili vya maji ya kawaida ndani ya maji mazito. Jarida la Nature liliikataa makala yake hapo mwanzo, kisha likaichapisha.

Uingereza, kwenye Chuo Kikuu cha Nottingham, Peter Mansfield alikuwa akifanya kazi hiyo hiyo kwa njia yake. Wanafunzi wa kidato cha nne someni hapa vizuri. Mansfield alishindwa mtihani wa kuchaguliwa kwenda shule ya sekondari ya juu, akaacha shule akiwa na miaka 15, akafanya kazi katika kiwanda cha uchapaji. Alisoma jioni baada ya kazi, akapata ajira kwenye idara ya serikali ya roketi, na shahada yake ya kwanza aliipata mwaka 1959 akiwa na miaka 25. Mwaka 1978 aliingia mwenyewe ndani ya mashine aliyoibuni ili apigwe picha ya tumbo, ingawa walikuwapo waliomwonya kwamba inaweza kuwa hatari. Yeye na Lauterbur walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Ilikuwa hapo hapo Nottingham, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wafamasia walipovuka ua kwenda kwa wanafizikia wakiwa na vidonge vyao vya haipromelosi. Makala waliyotoa mwaka 1994 ina jina la Mansfield miongoni mwa waandishi. Walitia kidonge ndani ya maji, maji ndani ya sumaku, wakapiga picha moja baada ya nyingine kwa saa kadhaa.

Mashine hii inakubaliana na kidonge kwa namna ya ajabu. Protoni zilizomo katika unga mkavu zimebanwa, na sauti yake huzimika kwa muda mfupi sana, sehemu ndogo ya elfu ya sekunde. Kwenye picha ni weusi. Maji yaliyo huru huendelea kuita kwa sekunde nzima na zaidi. Maji yaliyonaswa katika ute yako katikati. Kwa hiyo picha inaonyesha kiini cheusi, kikizungukwa na duara la kijivu, kisha weupe wa maji ya nje, na kila picha inayofuata kiini ni kidogo zaidi. Hapo ndipo donge la uji lilipoonekana kwa macho mara ya kwanza bila kupasuliwa.

Picha hizo zilikuwa na jambo ambalo macho ya nje hayakulieleza sawasawa. Kidonge kilikuwa kikivimba zaidi kwenda juu na chini kuliko kwenda pembeni. Kisa ni kwamba kinu kilikibana kutoka juu na chini, na unga ulipolowa ukaachia ile nguvu iliyofungiwa, kama mkeka uliokunjwa unavyofunguka. Alama ya kinu cha Brockedon ilikuwa bado imo ndani. Mwaka 1996 kundi lilo hilo likaonyesha pia kwamba maji hayaendi kwa mwendo mmoja ndani ya ute: karibu na nje yanatembea karibu kama maji huru, na kadiri yanavyokaribia kiini ndivyo yanavyokwama. Wengine, Canada na Cambridge miongoni mwao, waliiendeleza kazi hiyo hadi wakaweza kupiga picha ya kidonge huku maji yakipita juu yake mfululizo, kama yanavyopimwa katika maabara za viwanda.

Kisha likaulizwa swali ambalo ningefikiri lingeulizwa mapema zaidi: tumbo la binadamu lina maji kiasi gani? Chombo cha maabara kina mililita 900. Mwaka 2014 zilichapishwa picha za MRI za watu 12 wazima, waliokuwa hawajala, walionyweshwa glasi ya maji ya mililita 240. Tumbo lilirudi katika hali yake ya mwanzo baada ya dakika 45 hivi. Utumbo mwembamba wenyewe, kabla ya glasi, ulikuwa na wastani wa mililita 43 tu, tena zikiwa vidimbwi vidogo vilivyotengana. Vijiko vitatu vya chakula, basi. Kidonge cha saa 12 hakiogelei katika bwawa. Kinasukumwa na kubanwa na utumbo, kikitoka dimbwi hadi dimbwi kama mtu anayevuka bonde la Usangu kiangazi. Kidonge kinachofaulu kwenye chombo cha kioo chaweza kushindwa humo, na tangu hapo wataalamu wamekuwa wakibuni vipimo vinavyofanana zaidi na mwili.

Natoka kidogo nje ya njia kusema kwamba mashine hiyo ilipata kuisaidia malaria pia, na jirani yetu kabisa. Blantyre, Malawi, madaktari waliwapiga picha za ubongo watoto wenye malaria ya kichwani. Katika ripoti yao ya 2015, kati ya watoto 168 walifariki 25, na 21 kati ya hao 25 walikuwa na ubongo uliovimba sana tangu walipopokewa. Kabla ya hapo ubishi juu ya kinachowaua watoto hao ulikuwa wa miaka mingi.

Turudi kwenye kidonge cha mfukoni. Watu wa kwetu wamefundishwa na klorokwini. Tuliona mama zetu wakikigawa kidonge nusu kwa mtoto mdogo, robo kwa mchanga, wakikisaga kati ya vijiko viwili na kukitia sukari, na walifanya sawa kabisa, kwa kuwa kile kilikuwa kidonge cha kuvunjika. Mkono uliozoea hivyo hauoni kwa nini kidonge kikubwa cha kisukari kisikatwe ili kipite kooni, au cha presha kisigawanywe ili cha mwezi mmoja kifike miezi miwili. Sababu ya fedha naielewa. Mtu aliyetoka Makete au Kyela kufuata dawa amekwisha lipa nauli kabla hajalipa dawa.

Lakini kidonge cha polepole kina dawa ya siku nzima ndani yake. Ukikisaga, umelipasua donge la uji kabla halijafunga koti. Kilichokusudiwa kutoka kwa saa 12 au 24 kinatoka kwa muda mfupi. Kwa kisukari huenda ikaishia tumbo kuvuruga. Kwa presha ni jambo jingine. Nifedipine ya kapsuli, iliyokuwa ikitumbuliwa chini ya ulimi ili kushusha presha haraka, iliishusha kwa kasi kiasi kwamba wengine walipata kiharusi au moyo ulikosa damu, na mwaka 1996 madaktari wa Marekani walionya waziwazi iachwe kutumiwa hivyo. Nifedipine ya polepole ilikuja kuondoa hatari hiyo. Anayeisaga nyumbani anairudisha. Kwa mofini ya wagonjwa wa saratani, kusaga kidonge cha saa 12 kwaweza kuua.

Tangu mwaka 2003, mpango ulipoanza huko Ruvuma, maduka ya dawa baridi yamekuwa yakigeuzwa kuwa maduka ya dawa muhimu yenye wauzaji waliopata mafunzo, na ofisi ya kanda ya mamlaka ya dawa iko Mbeya. Hata hivyo muuzaji akiwa na foleni, anayebaki kulisoma kasha ni mnunuzi. Herufi za kutafuta baada ya jina la dawa ni SR, XR, XL, CR, MR, LA, au neno Retard. Zote zina maana moja, kwamba kidonge hiki hakitafunwi wala hakisagwi. Aliye na shida ya kumeza amwambie mganga, kwa kuwa aghalabu dawa ile ile ipo pia ya kuvunjika upesi, ya kumeza mara mbili au tatu kwa siku, na mara nyingi ni ya bei nafuu zaidi.

Kuna jambo ambalo limewatia hofu watu ninaowafahamu, nao waliona haya kumwambia daktari. Waliona kidonge kizima chooni, wakadhani dawa haikufanya kazi, wakaongeza cha pili. Baadhi ya vidonge vya polepole, nifedipine ya namna moja miongoni mwavyo, vimejengwa kwa gamba lisiloyeyuka kabisa, lenye tundu moja dogo lililotobolewa kwa leza. Maji hupenya gambani, dawa husukumwa nje kupitia tundu lile, na gamba tupu hutoka lilivyoingia. Metformin ya polepole nayo huweza kuacha donge laini la ute. Ni ganda tu la dawa iliyokwisha toka.

Na wapo wenye mstari katikati ambao ni wa polepole na bado hugawanyika: metoprolol ya aina moja imejengwa kwa mamia ya punje ndogo, kila punje na koti lake, kwa hiyo ukikikata kwenye mstari umezigawa punje bila kuzivunja. Hicho hukatwa kwa mkono kwenye mstari wake, kisha nusu humezwa kama ilivyo, bila kusagwa.